Mdudu Atakayebeba Jina Langu

Jumamosi, 1 Novemba

Siku njema huonekana asubuhi. Ya leo imeonekana hata kabla sijapiga mswaki. Honi mlangoni: Profesa amefika kituo chetu cha utafiti ukingoni mwa jangwa, mtunza stoo anatakiwa akapokee mizigo. Mtunza stoo ni mimi.

Mwanamke mfupi, mabuti makubwa, masanduku mazito. Nimeyabeba peke yangu, maana dereva alikumbuka ghafla kwamba ana mgongo. Dereva huyu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Mgongo wake humuuma masanduku yakionekana na hupona chakula kikionekana.

Profesa anatafuta dundu. Si wale wakubwa wanaosukuma mavi ya ng'ombe barabarani mchana kweupe bila haya. Huyu ni mdogo kama punje ya dengu, rangi ya chai isiyo na maziwa. Anaishi ndani ya mashimo ya panya wa jangwani, anakula mavi ya mwenye nyumba, basi. Hana shida na mtu. Amewahi kupatikana mmoja tu, mkavu, hana mguu, na kwa sababu ya ule mguu hajapewa jina mpaka leo. Atakayempata akiwa hai, Profesa atampa mdudu jina la mtu huyo.

Nikauliza kama jina litaandikwa vitabuni. Akasema ndiyo. Nikauliza kwa muda gani. Akasema milele. Nimefuta vumbi wadudu wa stoo hii tangu nianze kazi, kila mmoja kachomwa pini na ana jina la mtu. Kuna nzi ana jina la mtu! Na mimi ndiye ninayemfuta vumbi.

Shemeji alikuwa ameegemea gari, njiti ya kiberiti mdomoni. Akasema yeye hahitaji, jina analo tayari. Uongo. Masikio yalikuwa yamemsimama.

Profesa anaondoka Ijumaa jioni. Muda upo.

Nyumbani nikamkuta mama mkwe, kaja kukaa wiki. Mke wangu amempa chumba cha uani, kile cha sakafu ya udongo. Saruji iliishia sebuleni, jambo ambalo nimeshalieleza mara nyingi na sitalieleza tena.

Niseme ukweli hapa, shajara haina mdomo. Mama mkwe humwita kila mtu mwanangu. Muuza mkaa, mwanangu. Yule jamaa aliyekuja kutukatia maji, mwanangu, na akampa chai. Mimi, tangu harusi mpaka leo, ni "huyu bwana". Huyu bwana ameshakula? Huyu bwana anarudi saa ngapi? Inaniuma. Siku moja nataka aniite mwanangu. Na mwenye mdudu vitabuni milele, ataitwaje tena?

Wakati wa chakula nikatangaza kwamba kuna mdudu atapewa jina langu. Mama mkwe akamuuliza mke wangu: mdudu gani huyo wa huyu bwana, na anakula nini? Mtihani. Mbele ya mama mkwe mtu hataji mavi. Hayo hayasemwi, kama vile mtu asivyoingia chumbani kwake hata nyumba ikiungua. Nikasema ni mdudu wa heshima, anakula vyakula vya nyumbani. Shemeji chai ikampalia.

Jumapili, 2 Novemba

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu leo zilikuwa zimesimama. Nikawaza hivi: kama mdudu anavumilia vimavi vya panya, vidogo vile, vikavu vile, akipewa mavi ya ng'ombe atafanyaje? Si atakuja na ukoo mzima?

Nikaenda kwa jirani mwenye ng'ombe. Nikajaza gunia. Narudi nimelibeba begani, nani kakaa barazani anachambua mchele? Mama mkwe. Nikainamisha kichwa, nikaamkia. Akauliza mle kuna nini. Nikasema mbegu. Akauliza za nini. Nikasema za maua. Akanusa. Akasema, akitazama pembeni kwa adabu, kwamba nimeuziwa zilizooza.

Nikatega huko mchangani. Kazi hii ina utaratibu wake: unafukia kikombe mpaka mdomo wake ulingane na ardhi, juu unaning'iniza chambo kwenye kijiti. Mdudu anafuata harufu, anatumbukia, hatoki. Nimetega vikombe kila mahali. Nimerudi nanuka hivi kwamba mbwa wa jirani alinisindikiza mpaka mlangoni.

Mke wangu kanieleza kwamba mama analalamikia chumba. Kuna shimo chini ya kitanda na kuna uchafu. Mama hakuweza kuniambia mwenyewe, angeanzaje kumtajia mkwe uchafu wa namna ile? Niende nizibe. Nikasema kesho. Nikaongeza kwamba mimi siingii chumbani kwa mama mkwe, nina malezi.

Jumatatu, 3 Novemba

Vikombe vimejaa! Nilipiga kelele, Profesa akaja mbio na kofia mkononi. Kumbe ni wale wakubwa, wale wasio na haya, wamejazana wanapigana juu ya mavi yangu. Mmoja akang'ang'ania kidole nilipomtoa. Profesa akasema kwa upole kwamba hawa anao wa kutosha, hata mwanawe anao kwenye kopo nyumbani.

Kisha akanifafanulia. Dundu wetu hafuati karamu za watu. Hatoki. Amejichimbia kwa mwenyeji wake, anakula kinachopatikana, ananenepa polepole gizani. Nikasema kama mkwe aliyehamia. Nikageuka haraka kuangalia kama shemeji amesikia. Amesikia.

Basi mpango mpya. Inatakiwa shimo la panya lenye kivuli, udongo laini na panya aliyekaa siku nyingi. Unaingiza kijiko chenye mpini mrefu, unachota vimavi vya zamani, unavichekecha juu ya shuka jeupe, unaangalia kinachotembea. Kila mtu amechagua shimo lake na kuchomeka bendera. Yangu nyekundu. Shemeji, ambaye hahitaji jina, kachomeka ya bluu.

Nimeshinda nimepiga magoti mchangani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeandika methali hiyo kwenye mpini wa kijiko changu, inanipa moyo.

Nyumbani ni yaleyale. Mke wangu anasema mama aliamka asubuhi akaona dengu zimemwagika chumbani. Akamlaumu mke wangu kwa uzembe. Akachukua ufagio, dengu zikaanza kutembea. Amezifagilia uani, kuku wakazila zote. Nikasema macho ya mama yamechoka, tumtafutie miwani. Nikasema pia kuku wanahitaji lishe. Nilikuwa nachonga kijiti, sina muda wa dengu.

Jumanne, 4 Novemba

Shimo langu halina kitu. Nilichota, nikachekecha, nikapata mchanga, ganda la mbegu na mjusi aliyenitazama kama mimi ndiye mwizi. Shimo la shemeji, vimavi vibichi mlangoni kabisa! Profesa akalala kifudifudi na tochi, akasema linatia matumaini. Akasema kesho asubuhi tulichote vizuri. Shemeji akatabasamu huku njiti ikicheza mdomoni.

Nani kasema bendera ni mti, haing'oki? Wakati wa chakula cha mchana, wenzangu wako kivulini, nikajifanya naenda haja. Nikang'oa ya bluu, nikaipeleka kwangu. Nikang'oa nyekundu, nikaipeleka kwake. Nikarudi nikipiga mluzi. Shemeji akaniuliza mbona nimechangamka. Nikasema ni hali ya hewa.

Hakuuliza zaidi. Ilinipasa nishangae hapo.

Profesa akabadilisha mawazo, akasema tuchote leoleo jua halijashuka. Tukaenda. Akatazama bendera, akasema kumbe ni shimo la mtunza stoo, basi mwenye bendera aingize kijiko. Kijiko hakikufika, shimo lilikuwa limepinda. Mwenye bendera aingize mkono. Nikaingiza kwa madaha, nikiwaza herufi zitakazotumika kwenye kitabu.

Mama panya alikuwa nyumbani. Na watoto.

Kuku mwenye watoto halengwi jiwe, na panya mwenye watoto hachezewi na kidole. Nimelia mbele ya profesa. Kidole sasa kimefungwa bandeji, kinafanana na mchi. Shemeji akaeleza kwa masikitiko kwamba tangu asubuhi alisikia meno yakigonganagongana mle ndani, ndiyo maana hakuingiza mkono. Akasema alitaka kumwonya mwenye bendera nyekundu, lakini kila akiangalia, bendera zilikuwa zinatembea.

Nyumbani mama mkwe akamuuliza mke wangu huyu bwana amepatwa na nini. Mke wangu akajibu nimeumia kazini. Mama mkwe akasema pole zimfikie. Zimfikie! Nimekaa hatua chache kutoka kwake.

Jumatano, 5 Novemba

Kidole kinapwita. Profesa kanipa mapumziko. Mapumziko kwa mtu mwenye akili ni hatari.

Nilikuwa jikoni naangalia mahindi. Mle kuna fukusi. Wadogo, wekundu wekundu. Nikajiuliza: je, kama mdudu haji, kwa nini mtu asimsaidie kuja? Nikamchagua fukusi mmoja mnene. Nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu, ile ya kahawia. Nikampaka kwa kijiti cha meno, tabaka mbili, mkono mmoja tu mzima. Akang'aa. Nikamweka kwenye chupa juu ya vimavi vya panya, nikaenda nayo kituoni nikijikaza nisicheke.

Nilikuwa pia nimeandaa kopo zuri la chuma lenye kifuniko, nikabandika karatasi: Amepatikana na, na jina langu lote, la kwangu, la baba na la babu. Nililiacha mezani nyumbani likisubiri kupokea mdudu kwa sherehe.

Profesa akavaa miwani yake ya kazi, akainama. Akageuza chupa huku na huku. Nilikwisha anza kusimama kama mtu anayepigwa picha. Ndipo akauliza mbona dundu huyu ana pua ndefu namna hii. Nikasema huenda ni mafua. Akauliza mbona ananuka saluni. Fukusi akatoka kwenye chupa, akatembea juu ya daftari lake jeupe, akaacha nyayo za kahawia mpaka ukingoni.

Profesa hakukasirika. Alisema katika kazi yake yote hakuna mtu aliyewahi kumpaka mdudu rangi, na anashukuru kwa juhudi. Afadhali angekasirika. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini, akaegemea tairi.

Mke wangu kaiona rangi yake ya kucha. Sitaandika alichosema. Alimalizia kwa kusema leo nilale na shimo au kesho nilizibe, nichague.

Halafu akasema mama anaomba kopo lenye kifuniko. Sikuuliza la nini, wazee hupenda makopo. Lililokuwepo ni lile langu lenye jina. Nikalitoa kwa uchungu, nikasema nitalihitaji. Baadaye nikasikia anapiga msumari kulitoboa. Kopo jipya kabisa!

Alhamisi, 6 Novemba

Leo nimeziba shimo. Naandika ili siku moja mtu asiseme mimi ni mvivu.

Saruji ilitoka kituoni, kidogo tu, haitajulikana. Nikachanganya mwenyewe, nzito, yenye kokoto. Tatizo: mama mkwe alikuwa amejilaza, mgongo unamuuma (ni wa ukoo), na mimi siingii. Basi nikasimama nje ya dirisha la chumba cha uani nimegeuza uso ukutani, nikampitishia mke wangu ndoo kwa nyuma kama ninayemwaga siri. Yeye ndani kainama chini ya kitanda, mimi nje naelekeza nisichokiona: shindilia, laza, shindilia tena. Nikamsikia mama mkwe akisema ndani kwamba amwambie huyu bwana ahsante. Ni mwanzo mzuri, lakini bado.

Mke wangu akatoka na kizoleo kimejaa. Vimavi, vumbi na zile dengu zake zinazotembea. Akanisogezea puani, akasema hebu angalia alivyokuwa akilala mama yangu. Nikasema sina nafasi ya kuangalia wadudu, nawahi kutafuta mdudu. Nikamwambia awape kuku.

Tumechimba mpaka jua likazama. Mimi kwa mkono mmoja, shemeji kwa mikono miwili bila kulalamika mgongo, Profesa kwa kijiko chake. Hakuna. Mwishowe Profesa akakaa juu ya sanduku, akavua kofia. Akasema amemtafuta mdudu huyu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Akasema huenda ameshatoweka, mashimo mengi ya zamani yameporomoka, huenda yule mkavu asiye na mguu ndiye aliyekuwa wa mwisho. Hakuwa analia ila alikuwa anafuta miwani muda mrefu kupita kiasi.

Nikamhurumia. Nasema kweli, nilimhurumia kutoka moyoni. Nikasahau jina langu kwa muda wa kutembea kutoka pale mpaka garini. Nikamkaribisha kesho kwetu, apate chakula cha mchana kabla ya safari.

Nilipofika garini nikakumbuka kwamba mtu aliyeshiba hukubali mambo. Nitamwomba hata kile kikombe cha mtego akipe jina langu. Mtego wa fulani. Si haba.

Ijumaa, 7 Novemba

Nitaandika kwa mpangilio.

Tulikaa mezani: Profesa, mama mkwe, mke wangu, shemeji ambaye hajaalikwa, na mimi. Mama mkwe kavaa vizuri. Kwa heshima ya mgeni akamuuliza mwenyewe: mwanangu, hicho ulichokikosa huko jangwani ni kitu gani? Mwanangu! Kaingia mlangoni sasa hivi!

Profesa hajui mambo ya ukwe. Akajibu wazi, kwa sauti ya darasani, kwamba ni dundu mdogo kama dengu, anayeishi kwenye shimo la panya na kula mavi ya panya.

Kijiko kikaniponyoka. Mke wangu akatazama dari. Shemeji akaacha kutafuna. Neno lile lilikaa pale mezani katikati ya mabakuli, na mimi na mama mkwe tuko meza moja. Nilitamani sakafu ipasuke, lakini sebuleni kuna saruji.

Mama mkwe akaweka kikombe chini taratibu. Akasema, basi kama limeshasemwa, limeshasemwa. Akaeleza yote. Wiki nzima amekaa nao. Wanatoka alfajiri chini ya kitanda, kila mmoja na kimzigo chake, wanazunguka wanarudi, hawamgusi mtu. Angefanyaje? Amwambie mkwe wake kwamba analala juu ya mavi? Hayo ni maneno? Kamtuma binti, na binti kasema uchafu, basi.

Nikatazama bakuli langu. Zilikuwa dengu. Zilinitazama.

Profesa alikwisha toka mezani. Hakuvaa hata viatu. Tukamfuata sote, mimi nikaishia dirishani, maana malezi ni malezi. Nikamsikia akilala chini ya kitanda. Kisha akauliza, taratibu sana, ni nani ameziba hapa.

Mke wangu akasema mume wangu.

Shemeji akaleta mtaimbo. Nilisimama nje nikisikia kila pigo. Katika maisha yangu nimefanya kazi moja tu ya uhakika, na ndiyo hiyo. Saruji ile haikuvunjika, iling'oka na kipande cha ukuta. Ndani, shimo tupu. Panya amehama. Na wapangaji wake? Waliofagiliwa, kuku walikwisha wala. Nikamsikia Profesa anavuta pumzi. Nikageuka nikawatazama kuku. Wamenona wale! Wamekula milele yangu yote, kwa kizoleo, na mimi ndiye niliyesema wapewe.

Niliumia. Si kwa jina tu. Nilimwaza Profesa na nywele zake zilizokuwa nyeusi.

Ndipo nikasikia sauti ya mama mkwe ndani, kama mtu aliyeulizwa jambo dogo. Akasema kama ni wale tu, wawili anao. Aliwatenga Jumatano, kwa sababu kuku hawana adabu na yeye alikwisha wazoea. Wanatembea kama watu wenye shughuli. Akafungua mkoba wake, akatoa kopo.

Kopo langu.

Wote wawili hai! Wamewekewa mchanga, na kile chakula chao, aliwachotea mwenyewe kwa karatasi. Wana miguu yote. Nimewaona kupitia dirisha, Profesa aliwainua kwenye mwanga akicheka na kulia pamoja. Rangi ya chai isiyo na maziwa. Kisha akaona karatasi kwenye kopo. Akasoma kwa sauti: Amepatikana na, na jina langu lote, mpaka la babu.

Wakanigeukia pale dirishani.

Sikusema kitu. Kunyamaza si kusema uongo. Nilihesabu kwamba nikinyamaza vya kutosha jambo litajiandika lenyewe. Mke wangu akasema kopo ni la mume wangu, wadudu ni wa mama. Nikasema kwamba kwa kweli bila kopo wangekuwa wapi? Profesa akajibu kwamba kopo ni kopo. Akatoa kalamu, akanikata mimi, baba na babu kwa mstari mmoja. Akamwomba mama mkwe jina lake kamili.

Mama mkwe akataka kujua kwanza kama mdudu ana tabia njema. Profesa akasema anakaa kwake, hagombani na mtu, anasafisha nyumba ya mwenzake bila kuambiwa. Mama mkwe akasema basi sawa, amefanana na watu wa kwao. Akataja jina polepole, Profesa akaandika. Shemeji akamkumbatia mama yake. Mke wangu akapiga kigelegele, kuku wakakimbia.

Tukarudi mezani, chakula kimepoa. Mama mkwe akanigeukia mimi. Akawa anasema mambo mengi, mwanangu hivi, mwanangu vile, wiki nzima umebeba gunia la mavi begani unadhani sioni, nyumba yako ndiyo imenipa jina, sasa mwanangu vuta kiti ule, umekonda. Na kadhalika. Sikumsikiliza sana. Wakati huohuo Profesa alikuwa anamweleza shemeji jambo la maana kabisa: kwamba panya yule wa shimoni ana kiroboto wake wa peke yake, na kiroboto huyo hajawahi kupewa jina.

Jumamosi, 8 Novemba

Profesa kaondoka jana na kopo mapajani. Amesema akipata kiroboto hai kwa posta, atafikiria.

Nimegundua panya alikohamia. Chini ya kitanda changu! Nilisikia kukwaruza asubuhi, nikashukuru. Bahati hiyo, imekuja yenyewe mpaka mvunguni. Nimemkataza mke wangu kufagia chumba, kuanika godoro na kuniogesha kwa maneno. Amebeba mto wake amehamia chumba cha uani. Anasema kule kuna tundu ukutani lakini kuna amani.

Mpango uko hivi. Viroboto hufuata joto. Mimi nina joto. Nitalala chali, suruali nimekunja, mwili wote ni mtego. Nimeshaandaa kopo jipya, nimebandika karatasi. Safari hii nimeandika kwa rangi isiyofutika, kwa pande zote.

Saa hizi shemeji yuko mlangoni na gari, anampeleka mama mkwe kwake. Mizigo imeshapakiwa, mgongo wake haukumuuma hata kidogo. Nimetoka kuaga. Niliinama kwa heshima, halafu nikabaki nimeinama, kuna kitu kilikuwa kinapanda mguuni. Mama mkwe alisimama mbele yangu muda. Akanishika bega, akasema jambo. Sauti yake ilikuwa ya chini. Nikaitikia ndiyo mama, ndiyo mama, huku nimekodolea macho goti langu.

Gari limeondoka. Mke wangu bado amesimama, ananitazama, machozi yanamlengalenga. Anauliza kama nimesikia mama ameniitaje, mbele ya watu wote, mara mbili. Nimemwambia anyamaze kidogo, asipumue, ninacho hapa chini ya kidole gumba.

Kimeruka.